Motokaa Ipi Itufae Msimu Ujao?

Katika kurasa za gazeti letu wasomaji wamezoea kukuta habari za mpira, za netiboli na za midahalo, na hiyo ni haki yake. Mimi naomba nafasi kidogo nieleze habari za mchezo mwingine usio na jezi wala kombe. Hauchezwi hapa shuleni hata siku moja, lakini hupangwa hapa hapa, kwa kalamu ya risasi, katika kitabu cha mazoezi chenye mistari. Nao ni mashindano ya motokaa kwa njia ya kompyuta. Wanafunzi tisa wa Kidato cha Nne twataka kuendesha ligi ya majuma manane baada ya mtihani wetu wa taifa, na hata sasa ninapoandika haya hatujapatana juu ya swali moja: tutaendesha motokaa gani?

Wapo watakaoona kwamba swali hilo ni la kitoto. Sivyo hata kidogo, maana jibu lake ndilo litakaloamua nani atabaki ligini hadi mwisho na nani atatoka juma la pili. Mtihani ukiisha sisi tisa tutatawanyika: mmoja atakwenda Mwanza, mmoja Tanga, wawili Dar es Salaam, mmoja Songea, mmoja Kigoma, wawili Dodoma, na mimi Iringa. Tumelala bweni moja miaka minne. Matokeo yakitoka, wengine watapelekwa Kidato cha Tano katika shule za mbali, wengine vyuoni, na wengine Mungu ndiye ajuaye. Ligi hii ndiyo ahadi pekee tuliyowekeana ya kukutana tena kila Jumamosi usiku, tukisikiana sauti. Basi yule atakayeshindwa na motokaa isiyomfaa hatakuwa ametoka katika mchezo peke yake.

Kwa ajili ya wazazi, yafaa nieleze kwanza jambo lenyewe. Mchezo tunaoutumia unaitwa Assetto Corsa, nao ulitengenezwa na kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia na kutolewa kamili mwezi wa Desemba 2014. Hauna bunduki wala majini. Kazi yake ni kuiga uendeshaji wa motokaa kwa uaminifu: matairi hupata moto na kuchakaa, petroli hupungua na gari likawa jepesi, breki ukizikanyaga kwa pupa magurudumu hufunga na gari likaenda lilikotaka lenyewe. Viwanja vyake vingi vilipimwa kwa miale ya leza, hata vifuko na mabonde ya lami ya kule Ulaya vimo humo. Ipo michezo mipya zaidi, na mizuri. Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 yataka mashine ya PlayStation, na katika sisi tisa mwenye mashine hiyo ni mmoja. iRacing, iliyoanza mwaka 2008, hulipiwa ada ya uanachama. Assetto Corsa hununuliwa mara moja tu, na kwa kuwa ni ya zamani, kompyuta kuukuu huiweza. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulianza katika likizo ya Juni, tulipofanya majaribio ya mbio tatu. Kura zilipigwa, sita kwa tatu, na iliyochaguliwa ikawa BMW Z4 GT3. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale watatu. Ni motokaa ya kupendeza, sikatai. Ina nguvu za farasi zaidi ya 500, bawa kubwa nyuma, na mngurumo unaomfanya mama wa nyumba aje mlangoni kuuliza kuna nini. Uwanja ukawa Monza, kwa sababu kila mtu amepata kuusikia Monza.

Asiyeujua uwanja huo na atazame: mbele ya jukwaa kuu kuna njia iliyonyooka, ndefu, ambapo gari la namna ile hupita kilomita 250 kwa saa. Mwisho wake kuna kona mbili zilizobanana, kulia kisha kushoto, za kupitwa kwa mwendo wa lori lililojaa mahindi. Magari tisa yalifika hapo kwa pamoja. Sitaeleza yaliyotokea. Walioanza walikuwa tisa, waliomaliza wanne. Mbio za pili walikuja watu sita, na za tatu watatu, nao hao watatu walikuwa ni wale wawili wenye usukani wa kuchezea pamoja na mmoja wa Dar es Salaam ambaye intaneti ya kwao ni ya waya.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta sababu hasa, kwa maana wale sita walisema ni ajali tu na kwamba mazoezi yangeponya. Mimi naona mazoezi yasingeponya. Sababu zipo mbili, na zote mbili zimo ndani ya motokaa yenyewe.

Ya kwanza ni mikono yetu. Katika sisi tisa, wawili wana usukani na vikanyagio, watano wana pedi za kuchezea, na wawili, yule wa Songea na yule wa Kigoma, wanatumia kibodi. Kitufe cha kibodi hubonyezwa au hakibonyezwi. Hakijui kukanyagwa nusu. Sasa mpe mtu farasi 500 wote wakisukuma magurudumu ya nyuma, kisha umwambie atoke konani taratibu kwa kitufe kisichojua taratibu! Hata vifaa vya msaada vilivyomo ndani ya gari lile havikumwokoa mwenzetu wa Songea. Alizunguka kama pia. Mara ya nne alizima kompyuta, akatuma ujumbe kwamba anaitwa kula, nasi sote twajua kwamba saa ile haikuwa ya kula.

Ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo iliyonipa kazi. Ninapoendesha Iringa na mwenzangu anapoendesha Mwanza, mimi silioni gari lake lilipo, naliona lilipokuwa. Habari za gari lake hutoka kwake, hufika kwenye seva, kisha huja kwangu, na safari hiyo huchukua muda. Ni muda mdogo, sehemu ya sekunde, lakini motokaa haisubiri. Hesabu yake ni ile tuliyofundishwa: mwendo mara muda ni umbali. Kilomita 250 kwa saa ni karibu mita 69 kwa sekunde. Habari zikichelewa sekunde 0.15, basi gari ninaloliona mbele yangu liko nyuma ya mahali pake pa kweli kwa mita 10, ambazo ni zaidi ya urefu wa magari mawili. Kompyuta hujaribu kuficha kasoro hiyo kwa kukisia: huangalia gari lilikuwa likielekea wapi na kwa mwendo gani, ikalisogeza mbele. Katika njia iliyonyooka makisio hayo ni mazuri. Mtu akikanyaga breki kwa nguvu, kompyuta yangu huendelea kumwonyesha akienda, kisha ghafula humrudisha nyuma, puu, mbele ya bampa langu. Hapo kila mmoja huapa kwamba ndiye aliyegongwa, na kila mmoja husema kweli kwa jinsi alivyoona kwake.

Ukurasa ule wa hesabu Mwalimu wetu wa Fizikia aliuona akauomba. Aliusoma wote amesimama, akarudisha bila kusema neno, ila pembeni mwa hesabu iliyoongezwa na mwenzetu wa Dodoma aliandika kwa wino mwekundu: "Vizio viko wapi?"

Wala tusidhani tabu hii ni ya watu wa vifurushi vya intaneti peke yao. Mwezi wa Januari 2023 yalifanywa mashindano ya Le Mans ya kompyuta, ya saa 24, na miongoni mwa walioshiriki alikuwa Max Verstappen, ambaye wakati huo alikwisha kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara mbili. Timu yake ilikuwa inaongoza, mara mawasiliano yake na mchezo yakakatika, na alipoweza kurudi nafasi ilikwisha kupotea. Alikasirika, akajitoa. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mwenzetu wa Songea na ujumbe wake wa chakula.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuisogeza seva. Mwezi wa Juni tulitumia seva ya kukodi iliyoko Ulaya. Nuru katika nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Ujerumani, kama ndege arukavyo, ni kama kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 14,000, yaani sekunde 0.07 zimeliwa na njia peke yake, na nyaya zenyewe haziruki kama ndege bali huzunguka baharini. Tena tuliona mwezi wa Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, jinsi intaneti ilivyozorota nchini. Programu ya seva huja pamoja na mchezo bila malipo, wala haihitaji kompyuta kubwa. Mwenzetu wa Dar es Salaam mwenye intaneti ya waya amekubali kuiweka nyumbani kwao, kwa sharti kwamba baba yake aambiwe mapema ili asiizime akidhani imesahauliwa. Hilo tumekubaliana wote tisa, na ndilo jambo la pekee lililopita bila kelele.

Dawa ya pili ni motokaa ya pole. Hapa ndipo pana vita.

Ninayoitaka mimi ni Abarth 500. Ni kigari kidogo cha Italia, hakifiki mita nne kwa urefu, na kile cha nguvu zilizoongezwa kina farasi 160, wanaovuta magurudumu ya mbele. Kwa kuwa huvutwa na mbele, ukikosea konani hakizunguki. Hukataa tu kupinda, ukapoteza muda, ukaendelea na safari yako. Hata mwenye kibodi hukiweza. Sasa turudie hesabu yetu. Katika kiwanja kidogo gari hilo halizidi sana kilomita 150 kwa saa, nazo ni karibu mita 42 kwa sekunde. Seva ikiwa Dar es Salaam, tuseme habari zachelewa sekunde 0.08: kosa la macho ni mita 3.3, yaani chini ya urefu wa gari moja. Mtu aweza kushindana ubavu kwa ubavu katika hali hiyo bila kumwonea mwenzake. Kwa BMW ile, hata seva ikiwa hapa hapa nchini, kosa ni mita tano na nusu.

Wapinzani wangu wana hoja zao, nami nataka kuzieleza kwa haki. Wasema kwamba Abarth ni kigari cha kwendea sokoni, na kwamba mtu hawezi kumaliza mtihani wa taifa kisha akajizawadia kigari cha sokoni. Mwenzetu wa Mwanza, aliye hodari kutupita sote, alisema hivi: "Kwenye maisha nitaendesha gari la polepole miaka yangu yote. Niacheni niendeshe la kasi kwenye kompyuta." Maneno hayo yalinigusa, kwa maana nami ningeachiwa nichague kwa ajili yangu peke yangu, wala nisingechagua Abarth. Ningechagua Lotus 49, ile ya mwaka 1967 ambayo Jim Clark alishinda nayo Zandvoort siku ilipoingia mashindanoni kwa mara ya kwanza: farasi wapatao 400 katika uzito wa nusu tani, bila bawa hata moja. Likizo iliyopita niliiendesha usiku kucha peke yangu, nikishindana na saa. Lakini kumpa mtu wa kibodi Lotus 49 ni kumfukuza kwa adabu.

Wapo pia wasemao kila mtu achague gari alipendalo, kisha magari yasawazishwe kwa kuongezewa uzito au kupunguziwa nguvu. Jambo hilo lawezekana, maana seva huruhusu kumpa kila mshindani mzigo wake wa kilo na kumbana pumzi injini yake kwa asilimia. Katika magari ya kweli ndivyo daraja la GT3 linavyoendeshwa tangu lilipoanzishwa mwaka 2006: Ferrari, BMW na Mercedes zisizofanana hata kidogo husawazishwa hadi zikimbie pamoja. Lakini kazi hiyo hufanywa na mafundi wenye vipimo, tena hulalamikiwa kila mwaka. Sisi tisa, tuliobishana siku tatu juu ya nani ale ukoko, tutasawazisha motokaa tisa? Tungemaliza msimu hatujatoka kwenye mstari wa kuanzia. Gari liwe la aina moja kwa wote. Hapo aliyeshindwa atajua ameshindwa na mtu.

Kuna fundisho nililolipata katika historia ya kwetu wenyewe. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Afrika ya Mashariki, yaliyokuja kuitwa Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ile ya mwanzo magari yaligawanywa madaraja kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Mtu mwenye Volkswagen ndogo alishindana na wenye magari ya bei kama lake. Nami naona waliolibuni walikuwa na akili sana, kwa kuwa walijua kwamba mfuko wa mtu ndio hufika kwanza kwenye mstari wa kuanzia. Na mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mashindano hayo pamoja na ndugu yake katika Volvo iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo nimeandika sharti moja ambalo sitalilegeza hata nikipigiwa kelele: hakuna gari wala uwanja unaouzwa mbali na mchezo wenyewe. Porsche, kwa mfano, huuzwa mbali. Ni nzuri, lakini wawili wetu hawatainunua, na wao hawatasema kwamba ni kwa sababu ya fedha. Watasema wanaitwa kula.

Kuhusu ratiba sina maneno mengi, kwa sababu viwanja havikuleta ugomvi. Twaanza Magione, uwanja mdogo wa kilomita 2.5 huko Umbria, kwa kuwa mtu akipotea hurudi upesi miongoni mwa wenzake. Kisha Vallelunga karibu na Roma, kilomita 4 na kidogo, mara mbili, kwa njia ndefu na kwa njia fupi. Kisha Imola, Silverstone kwa njia fupi, Mugello, na Magione tena. Ule wa Nürburgring wa zamani, kilomita 20 na zaidi katikati ya msitu, nimeukataa ijapokuwa ni maarufu: magari tisa ya pole katika njia ndefu namna hiyo yatatengana kama mbuzi mlimani, na kila mmoja ataendesha peke yake akizungumza na miti. Mwisho ni Monza. Ndiyo, Monza ile ile. Kwa kigari dhaifu njia ile ndefu hugeuka kuwa jambo lingine kabisa. Aliye mbele hupasua upepo, aliye nyuma huvutwa katika kivuli chake, akampita, kisha naye akapitwa. Hakuna awezaye kukimbia peke yake. Nimejaribu na mwenzangu wa Tanga. Katika mizunguko kumi tulipokezana nafasi mara zisizohesabika, nasi tulicheka hata mdogo wake akaja kuuliza kama twaangalia sinema.

Kila Jumamosi zitakuwa mbio mbili, dakika 20 kila moja. Muda huo umechaguliwa na umeme, si na sisi. Mwenye kompyuta mpakato na intaneti ya simu, umeme ukikatika, aweza kumaliza dakika 20 kwa betri. Mwenye kompyuta ya mezani hawezi, naye hana kosa. Ndiyo sababu pia nimependekeza kwamba katika Jumamosi nane zihesabiwe sita zilizo bora kwa kila mtu. Na pointi zisiwe kama za Formula 1, ambako tangu mwaka 2010 mshindi hupata 25 na wa pili 18. Pengo hilo ni kubwa mno kwa watu tisa. Katika kitabu changu mshindi hupata 12, wa pili 10, wa tatu 9, kisha kushuka moja moja hadi wa tisa anayepata 3. Naye aliyeanza asimalize, kwa sababu yoyote, hupata 1. Mwenzetu wa Mwanza aliuliza kwa nini mtu wa mwisho apewe pointi tatu kwa kuwa wa mwisho. Nilimjibu kwamba mwaka 1963 na tena mwaka 1968, Safari Rally ilimalizwa na magari saba tu kila mara, na hao saba husimuliwa mpaka leo, akiwamo aliyekuwa wa saba.

Juu yake yeye mwenyewe tulikuwa na shauri gumu. Baadhi walitaka mshindi wa juma moja abebeshwe kilo 30 juma linalofuata, kama walivyofanya katika mashindano ya magari ya Uingereza hadi mwaka 2021. Alinuna, na naona alinuna kwa haki. Alijifunza peke yake, kwa usukani aliojinunulia kwa kuuza kuku wake likizo mbili. Kumbebesha mawe kwa sababu anajua ni kumwambia ajifunze kidogo kidogo. Basi kilo tumeziacha. Badala yake mbio za pili zitaanza kwa kupinduliwa: aliyeshinda za kwanza ataanza wa mwisho, na aliyekuwa wa mwisho ataanza mbele. Seva hufanya hivyo yenyewe. Mwenzetu wa Mwanza aliposikia, alifikiri kidogo, akasema hiyo hata ni bora, maana atapata watu wa kuwapita.

Kwa upande wa wazazi nina neno moja. Mtu aweza kuwaambia kwamba mchezo huu humfikisha kijana mbali, na mifano ipo: Jann Mardenborough wa Wales alitoka kwenye Gran Turismo, akashinda shindano la kutafuta madereva mwaka 2011, na mwaka 2013 akawa wa tatu katika daraja lake kule Le Mans. Ni kweli tupu. Lakini nyuma yake walikuwa na kampuni kubwa ya magari na fedha zake, na mimi sitamdanganya mzazi yeyote hapa ili apate kununua usukani. Twaomba kitu kidogo tu: saa moja na nusu ya Jumamosi, majuma manane. Nasi tumeipanga ianze saa tatu kasorobo usiku, baada ya taarifa ya habari, kwa sababu wengi wetu kompyuta iko sebuleni, na sebule ni ya baba.

Mpaka leo hesabu ya kura ni nne kwa nne. Mwenzetu wa Songea yuko upande wa Abarth, ingawa hasemi kwa sauti. Wa Mwanza yuko upande wa BMW, naye husema kwa sauti ya kutosha wote wanne. Aliyebaki ni yule wa Kigoma, mtu wa kibodi kama wa Songea, lakini apendaye bawa kubwa nyuma ya gari kuliko kitu chochote duniani, naye hutembelewa kitandani kwake na pande zote mbili kila jioni. Jana aliniuliza kama Abarth yaweza kupakwa rangi ya bluu na mistari ya manjano. Nilimwambia yawezekana, rangi ni faili tu, na kwamba nitaichora mwenyewe. Akasema atafikiri.

Kura itapigwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyuma ya bweni. Mtihani ukiisha na kila mtu akifika kwao salama, duru ya kwanza itakuwa Jumamosi ya pili baada ya hapo, Magione. Seva itafunguliwa saa mbili na nusu, ili kila mmoja apate robo saa ya kujaribu breki zake na kusalimiana.